Heka Tano, Josho Moja na Kirangozi Asiye na Jina: Ardhi ya Tabora Kabla Hujamaliza Kulipa

Kuna mshereheshaji mmoja mkubwa tu hapo Dar, jina lipo kapuni. Harusi za wenye nazo ni zake, suti zinang'aa, na kila Jumamosi lazima umwone kwenye stori za watu akiwachekesha wakwe. Wanaomfuata kitambo wanajua ni mtoto wa Kanyenye, Tabora mjini. Mwaka huu akaamua kumtoa mama kwenye vyumba vya kupanga na kumjengea nje ya mji, sehemu yenye nafasi ya kuku na bustani ya mchicha.

Dalali akamtupia picha WhatsApp. Heka 5, miembe mikubwa, kisima cha kuchimba kwa mkono, gari linafika, bei ya kutupa. Jamaa akatuma advansi kwa simu kabla hajakanyaga hata nyasi. Alipompigia mama kumpa habari njema, mama hakuuliza bei. Aliuliza, "Mwanangu, maji yake yakoje mdomoni?" Kisha akaongeza, "Na kabla ya huyo anayeuza, pale palikuwa pa nani, palifanyika nini?"

Jamaa akacheka. Akayafanya kichekesho ukumbini na watu wakavunjika mbavu. Ila maswali ya yule mama ni ya zamani kuliko hati yoyote ya kiwanja iliyowahi kugongwa muhuri Tabora.

Karne ya 19 Tabora iliitwa Kaze, kituo kikubwa cha misafara ndani ya nchi ya Unyanyembe. Pembe za ndovu na watumwa walishushwa pwani, vitambaa, shanga na bunduki vikapandishwa bara. Wazungu Burton na Speke walifika hapo Novemba 7, 1857, wakapokelewa na wafanyabiashara Waarabu waliokuwa na makazi yao tayari. Majina yao yapo kila kitabu. Wasiotajwa ni waliowafikisha. Kutoka pwani hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, na mzigo ulikaa begani kwa mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, kilo 30 hivi na wakati mwingine zaidi. Mbele yao alitembea kirangozi, kiongozi wa msafara, na kitambaa chake chekundu, manyoya kichwani na bendera iliyochanwa na miiba. Ukimpita mbele unalipa faini. Mapozi hayo wala si ya bure, maana yeye ndiye aliyejua usiku huu watu walale wapi na wanywe nini.

Kirangozi hakuwa na ramani ya karatasi. Alikuwa na majina. Ukisoma orodha ya vituo vya njia ile utaona mengi ni taarifa ya mazingira iliyofupishwa ikawa jina, ili hata mpagazi mgeni akilisikia tu ajue cha kufanya. Mbele ya Mpwapwa, kabla ya kuingia Ugogo, palikuwa na nyika inaitwa Marenga Mkali. Kwa Kigogo malenga ni maji, kwa hiyo jina lenyewe limeshamaliza habari: maji makali. Ukingoni mwake kuna Chunyu, na Mswahili yeyote wa pwani anajua chunyu ni ule ukoko wa chumvi unaobaki mwilini ukitoka baharini. Baada ya Ugogo unakutana na Mgunda Mkali, pori kavu lililoogopwa na kila msafara. Ukilimaliza ukiwa hai unafika Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi, na Burton aliandika kwamba maana yake ni "weka chini", yaani shusha mzigo, umefika. Tura ipo mpaka leo, treni inapita.

Mwaka 1871 alipita Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Hela ya gazeti anayo, bunduki anazo, punda wa mizigo wapo. Pale Chunyu wanyama wake wakanywa maji yenye sifa mbaya, na yeye mwenyewe aliandika kwamba punda kadhaa walimfia. Onyo lilikuwa kwenye jina la mahali, yeye akalisoma kama anwani.

Isieleweke kwamba watu wa zamani walijua kila kitu. Ndui na kipindupindu vilisafiri na misafara hiyo hiyo, na kambi yenye kisima kizuri leo ilikuwa imechafuliwa na mamia ya watu waliolala jana yake. Kirangozi aliweza kunusa mzoga, kuonja chumvi na kusoma rangi ya majani. Asichokiona wala kukionja kilimpiga kama kilivyowapiga wengine. Lakini tabia aliyoishika, ya kuuliza waliotangulia kabla ya kushusha mzigo, imeokoa watu wengi.

Na tabia hiyo ikidharauliwa, gharama yake huwa si ya punda wachache. Mwaka 1946 Uingereza ilituma tume ya wataalamu kukagua ardhi ya kulima karanga Tanganyika, maana kwao mafuta ya kula yalikuwa adimu baada ya vita. Tume ikatumia wiki 9, na sehemu kubwa ya ardhi iliangaliwa kutoka kwenye ndege. Mashamba matatu yakachaguliwa: Kongwa, Nachingwea, na Urambo huku Tabora. Kongwa ipo jirani kabisa na yale maeneo ambayo wapagazi waliyapa majina ya kutisha. Udongo wake ukikauka unakuwa kama saruji na majembe ya trekta yalikatika. Mvua nayo ikagoma. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, pauni zaidi ya milioni 30 zimeyeyuka. Shida ya pale haikuwa sumu, ilikuwa udongo na mvua. Ila kosa ni lile lile la mshereheshaji wetu, yeye akaangalia kwa WhatsApp na wao kwa ndege.

Sasa njoo kwenye sumu yenyewe. Hapa ulimi wa kirangozi usingesaidia kitu.

Tangu mwanzo wa karne ya 20, sehemu nyingi za kusini na mashariki mwa Afrika zilianza kuogesha ng'ombe kuua kupe. Ndiyo majosho. Unachimba mfereji mrefu mwembamba, unaujengea kwa saruji, unajaza maji na dawa, ng'ombe anaruka upande huu anatokea upande ule. Dawa ya mwanzo ilikuwa aseniki. Kupe walipoizoea zikaja DDT na ndugu zake, halafu toksafini, iliyotumika sana majoshoni Afrika Mashariki. Ng'ombe akitoka anasimama kwenye zizi la kuchuruzika, matone yanaingia ardhini. Tope likijaa chini ya josho linazolewa na kumwagwa hapo hapo pembeni. Fanya hivyo miaka 20 au 30, halafu josho life.

Na yalikufa mengi. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, watu walihamishwa kwa wingi na majosho yakajengwa kufuata makazi mapya. Miaka ya 1980 na 1990 ruzuku ya dawa ikapungua, pampu zikaharibika, nyasi zikafunika saruji. Hapo ndipo uzi ulipokatika. Waliojua hapa palikuwa nini walihamishwa, waliohamia hawakusimuliwa, na watoto wao ndio leo wanauza heka kwa watu wa Dar. Jina la mahali limebaki "shamba la fulani", basi.

Aseniki haina harufu wala ladha kwenye maji. Ni elementi, kwa hiyo haiozi na haiishi muda wake. Ukichemsha maji unapunguza maji tu, aseniki inabaki palepale, imekolea zaidi. Mtu akiinywa kidogo kidogo kwa miaka, ngozi inaanza kuwa na madoa, viganja na nyayo vinakuwa vigumu kama gamba, na mbele ya safari kuna saratani. DDT na toksafini zenyewe zinaoza, ila taratibu sana, na zinapenda mafuta. Kuku wa kienyeji anayechakura udongo wenye DDT anaihamishia kwenye yai. Ndiyo maana watafiti sehemu nyingi duniani wakitaka kujua kama kijiji kina tatizo, wanaomba mayai.

Kama unadhani hizi ni stori za Ulaya, uliza habari za Vikuge, Kibaha, mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 Ugiriki iliipa Tanzania msaada wa viuatilifu, tani zipatazo 170, na sehemu yake ilikuwa imeshapita muda. Mzigo ukawekwa kwenye banda la shamba la serikali la majani ya mifugo. Banda likachoka, likaanguka, dawa zikalowa na kumwagika. Miaka ya 1990 mabaki yakakusanywa na kufungwa upya, ikaonekana yameisha. Watafiti walipokuja kupima baada ya usafi huo wakakuta udongo wa juu ambao zaidi ya robo ya uzito wake ni DDT na mabaki yake. Yaani unachota kilo moja ya mchanga, karibu gramu 280 ni dawa. Na visima vya eneo lile navyo vikakutwa na viuatilifu ndani. Mtu angeweza kupita pale, akapiga picha na machweo, akaandika "future plot" na asione kitu zaidi ya ardhi tupu isiyoota majani vizuri.

Hiyo ardhi tupu, kwa kweli, ni dalili. Sehemu moja isiyoota kitu katikati ya shamba linaloota kila kitu inataka maelezo.

Tabora ina mambo yake mengine. Dhahabu, kwa mfano. Mkoa na dhahabu wanajuana tangu Wajerumani. Mwaka 1916, Waingereza na Wabelgiji wakiwabana, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 kwenye karakana ya reli pale Lulanguru, nje kidogo ya mji, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Iramba. Zina picha ya tembo na leo wakusanyaji wa sarafu wanazigombania kwa pesa ndefu. Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini na kiwanda kikaisha. Lakini uchimbaji haukuisha. Nzega ndiko ulikofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 mgodi wa kwanza mkubwa wa kisasa wa dhahabu nchini, na wachimbaji wadogo wapo huko miaka nenda miaka rudi.

Mchimbaji mdogo anasaga mawe kwenye karasha, anaosha kwenye mwalo, anakamata dhahabu kwa zebaki, halafu anaichoma. Moshi unapanda, zebaki nyingine inabaki kwenye mchanga unaoitwa marudio. Machimbo yakihama, kinachobaki ni uwanja mzuri tambarare, mchanga mweupe, maji karibu. Dalali anauita "tayari kwa ujenzi". Wenyeji wa machimboni wanajua marudio ni nini kwa kuyatupia jicho tu. Mnunuzi wa Sinza hajui, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba shimo lenye maji ya kijani pembeni si bwawa la samaki.

Kuna pia sumu ambazo hakuna binadamu aliyezileta. Floraidi ipo nyingi kwenye maji ya chini ya sehemu za Singida, Shinyanga na Arusha. Haina ladha, ila inaandika kwenye meno ya watoto waliokulia hapo. Mtu akienda kuangalia shamba huko na akasalimiana vizuri na vijana wa jirani, ameshapata nusu ya majibu kabla hajauliza swali.

Marekani walijifunza haya kwa aibu kubwa. Pale Niagara Falls kampuni ya kemikali ilijaza taka zake kwenye mfereji wa zamani unaoitwa Love Canal, ikafukia, na mwaka 1953 ikaiuzia ardhi hiyo bodi ya shule kwa dola moja. Onyo la kemikali liliandikwa ndani ya hati yenyewe. Shule ikajengwa hivyo hivyo, nyumba zikafuata pembeni, na wanunuzi wa nyumba wengi hawakuambiwa. Mwaka 1978 serikali ikatangaza hali ya hatari na familia zikaanza kuondolewa. Mwaka 1980 ikapitishwa sheria ya kusafisha maeneo ya aina hiyo, na ikawa kwamba mmiliki anaweza kudaiwa gharama za usafi hata kama sumu aliikuta. Ndipo wanunuzi wakaamka. Ikazaliwa kazi kamili ya kukagua ardhi kabla ya kununua.

Cha kushangaza ni hatua ya kwanza ya kazi hiyo ya kisasa. Hakuna anayechimba hata kijiko kimoja cha udongo. Mkaguzi anatafuta picha za zamani za anga, ramani, majina ya wamiliki wote wa nyuma, anatembea shamba zima, kisha anaketi na wazee wa eneo na kuwauliza hapa palifanyika nini. Maabara inakuja baadaye, ikiwa kuna kitu kimetia shaka. Yaani mama wa Kanyenye alifanya hatua ya kwanza kwa simu, bila kutoka kwenye mkeka.

Kwa Tanzania, mnunuzi wa kawaida ananunua karatasi. Anaenda ofisi ya ardhi kuangalia kama kiwanja kina mgogoro au mkopo wa benki, na kama ni ardhi ya kijiji anakutana na halmashauri ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Vyema kabisa. Lakini hakuna kisanduku kwenye fomu kinachouliza kama kulikuwa na josho. Sheria ya Mazingira ipo tangu 2004, kanuni za ubora wa udongo zipo tangu 2007, ila anayetakiwa kufanyiwa tathmini ni mwenye mradi mkubwa, sio mtu na mama yake na kuku 40.

Wengine hujitutumua na kupima udongo, halafu wanapima kitu kingine. Kipimo cha rutuba, kile cha kusema weka mbolea gani, hakitafuti sumu. Udongo unaweza kupata alama nzuri za fosforasi huku umejaa aseniki. Maabara, iwe ya Mkemia Mkuu wa Serikali au nyingine yenye vifaa, lazima iambiwe inatafuta nini: aseniki, zebaki, viuatilifu vya klorini. Ndiyo maana historia inatangulia, bila hiyo hujui cha kuagiza. Na kuna kosa la kuchota vijiko 20 shamba zima, kuchanganya kwenye ndoo moja na kupeleka. Kwa rutuba ni sawa. Kwa sumu ni kujidanganya, maana sehemu chafu moja inayeyuka ndani ya safi kumi na tisa na jibu linatoka tamu. Sehemu yenye shaka inachotwa peke yake, juu na chini, na maji ya kisima yanapimwa kivyake.

Mshereheshaji alipanda treni kwenda Tabora mwezi uliofuata, baada ya mama kukataa katakata hata kupaangalia bila mtu wa kuwasimulia. Mtu mwenyewe akapatikana kupitia shangazi: mzee wa miaka 80 na ushee, aliyewahi kuwa kibarua wa mifugo upande ule. Jina lake halipo kwenye faili lolote, sawa na wale wa kitambaa chekundu. Asubuhi walipomfuata, mama alimsalimia "Mwangaluka", kijana akatoa "Shikamoo babu", na safari ya bajaji ikaanza. Dalali tayari alikuwa shambani na mkataba kwenye bahasha.

Mzee hakuangalia miembe wala kisima. Alizunguka na fimbo akigonga chini kama anayetafuta mlango, mpaka fimbo ikalia. Wakafagia nyasi. Saruji, mfereji mwembamba uliojaa udongo na makopo, kuta zake bado zimenyooka.

"Tulikuwa tunachanganya dawa kwa mkono," alisema. "Hakuna glovu. Ikikurukia unajipangusa."

Dalali akasema hayo ni mambo ya kale, mvua zimenyesha mara ngapi tangu hapo, sumu gani hiyo isiyoondoka. Mama akamwambia anyamaze, baba anaongea.

Kijana akauliza, "Na tope, babu? Tope la chini mlikuwa mnalipeleka wapi?"

Mzee akageuka, akatembea hatua kama 40 kufuata mteremko, polepole, akihesabu kitu kichwani. Akasimama chini ya mwembe mkubwa kuliko yote, pale kwenye picha iliyopendwa na watu elfu mbili na kitu. Pembeni ya miguu yake kulikuwa na vigingi vinne na kamba nyeupe, fundi alishapima msingi wa nyumba.

"Hapa," akasema.